Tyubu Moja Haitibu Fangasi Zote

Kijitabu cha familia kuhusu matumizi salama ya dawa za fangasi

Kwanza, itafute tyubu uliyo nayo

Katika nyumba nyingi kuna tyubu moja ya dawa ya ngozi inayozunguka kutoka chumba hadi chumba. Ilinunuliwa kwa ajili ya vidole vya miguu vya baba. Mtoto alipotokwa na mviringo shingoni naye akapakwa. Mama mdogo alipokuja kusalimia akaomba kidogo, kinena kinamwasha. Boksi lilitupwa siku ile ile liliponunuliwa, kwa hiyo hakuna anayejua ndani ya tyubu mna nini wala ilipaswa kutumika kwa siku ngapi. Kuwasha hutulia, watu hushukuru, na baada ya wiki tatu mwili una mabaka mapana kuliko ya mwanzo.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya nyumba hizo. Tunakuomba uichukue tyubu hiyo uiweke mbele yako unaposoma. Majina ya dawa humu yameandikwa kama yanavyochapwa kwenye boksi, ili uweze kuyalinganisha herufi kwa herufi.

Fangasi hula nini

Fangasi zinazoleta choa hula keratini, ile protini ngumu inayojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Hustawi palipo na joto na jasho: kati ya vidole vya miguu, kwenye kinena, chini ya matiti. Choa cha mwilini huanza kama kipele, kikatanuka kuwa duara lenye ukingo ulioinuka na unaowasha, huku katikati pakianza kupoa. Mapunye ni ugonjwa huo huo ukiwa kichwani.

Candida ni fangasi ya aina nyingine. Kwa kawaida huishi mdomoni, tumboni na ukeni bila kumdhuru mtu, mpaka kinga ya mwili ishuke au antibayotiki ziue bakteria wanaoizuia isizidi. Malassezia nayo hukaa kwenye ngozi ya karibu kila mtu mzima, na ikizidi huleta mba wa mwilini, yale madoa mepesi ya kifuani na mgongoni ambayo watu huyaogopa bure, maana hayaambukizi kwa kugusana. Mba huo ukishatibiwa, madoa hubaki miezi kadhaa kabla rangi ya ngozi haijarudi. Fangasi imekwisha kufa. Usiendelee kununua dawa kwa sababu ya rangi.

Tofauti hizi zina maana kubwa dukani. Nystatin hutibu Candida, lakini kwa choa haifanyi kitu. Griseofulvin hutibu choa na mapunye, lakini haiigusi Candida wala mba. Ukifika dirishani ukasema tu "naomba dawa ya fangasi", umemwachia muuzaji abahatishe. Mwambie iko sehemu gani ya mwili, ina muda gani, na umeshatumia nini.

Mapunye hayasikii dawa ya kupaka

Mzazi anaona mabaka yenye magamba kichwani kwa mtoto, nywele zimekatika. Ananunua krimu, anapaka asubuhi na jioni kwa mwezi mzima bila kukosa siku, na mapunye yako pale pale. Wengi hudhani wameuziwa dawa bandia. Ukweli ni kwamba dawa haikufika. Fangasi ya mapunye huingia ndani ya unywele wenyewe na kushuka nao hadi kwenye shina chini ya ngozi, na kinachopakwa juu hakifiki huko. Mtoto huyu anahitaji dawa ya kumeza, inayosafiri na damu mpaka pale unywele unapotengenezwa.

Dawa ya siku nyingi kwa kazi hii ni griseofulvin. Terbinafine ya vidonge hutumika pia. Kipimo cha dawa hizi hufuata uzito, kwa hiyo mtoto apandishwe kwenye mizani. Usikadirie kwa umri, na usimkatie nusu ya kidonge cha kaka yake. Griseofulvin kwa kawaida humezwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Nywele mpya huanza kuota kabla fangasi hazijaisha, na hapo ndipo wazazi wengi huacha dawa. Tunakusihi usiache.

Lipo jambo moja ambalo mara nyingi halisemwi dukani: griseofulvin hunyonywa vizuri zaidi pamoja na mafuta. Mpe mtoto mara baada ya kula chakula chenye mafuta, kama maziwa, parachichi, karanga au wali wa nazi. Akiimeza kwa maji matupu tumbo likiwa wazi, sehemu kubwa hupita bila kuingia mwilini, na mzazi atasema dawa haifanyi kazi.

Shampuu ya ketoconazole au selenium sulfide mara mbili kwa wiki husaidia kupunguza maambukizi kwa wadogo zake, lakini haichukui nafasi ya vidonge. Mtoto akishaanza dawa anaweza kwenda shule. Kagua vichwa vya watoto wote nyumbani, na umtazame paka pia, kwa sababu paka na ndama huambukiza choa. Vitana, kofia na mitandio visishirikishwe. Kwa kinyozi, omba mashine isafishwe nywele na kufutwa kwa spiriti kabla haijagusa kichwa cha mwanao; ni haki yako kuomba, na kinyozi mzuri hachukii.

Wakati mwingine mapunye huvimba yakawa bonge laini lenye usaha, linalouma. Linafanana na jipu, na watu hutaka kulipasua. Lisipasuliwe. Ni fangasi ile ile, mwili umepambana nayo kwa nguvu, na matibabu yake ni vidonge haraka, kwa sababu likicheleweshwa huacha kovu lisiloota nywele maisha yote. Wala kichwa cha mtoto kisipakwe mafuta ya taa, petroli, maji ya betri au dawa ya kuogeshea mifugo. Vitu hivyo huunguza, na vingine hupenya ngozini na kumtia mtoto sumu.

Namna ya kupaka

Kwa choa cha mwilini, cha kinena au cha vidole vya miguu, krimu inatosha mara nyingi. Majina utakayoyaona ni clotrimazole, miconazole na terbinafine. Osha sehemu hiyo, kisha ikaushe kabisa, hasa kati ya vidole. Paka tabaka jembamba, na uvuke ukingo wa duara kwa sentimita 2 hivi, kwa kuwa fangasi imeshatangulia mahali ambapo jicho bado halioni kitu. Nawa mikono.

Clotrimazole na miconazole hupakwa kwa kawaida mara mbili kwa siku, wiki 2 hadi 4. Ngozi ikishaonekana safi, endelea wiki moja au mbili zaidi. Terbinafine ya kupaka huchukua muda mfupi zaidi, mara nyingi wiki moja au mbili. Kuunguzaunguza kidogo siku za mwanzo si hatari. Ngozi ikivimba au ikitoa malengelenge, acha dawa, osha, uende kuonwa.

Ipo pia dawa ya mafuta ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki uliotumika kwa zaidi ya miaka mia moja. Ni ya bei nafuu na inafaa kwa nyayo zenye ngozi nene. Lakini inaunguza, kwa hiyo isipakwe usoni, kwenye kinena, sehemu za siri, kidondani, wala kwa mtoto mchanga.

Anayevaa raba au mabuti siku nzima abadilishe soksi kila siku na aviache viatu vikauke kabla ya kuvivaa tena. Asipofanya hivyo atajiambukiza upya kila asubuhi. Mwenye kisukari asidharau mpasuko kati ya vidole, maana bakteria huingilia hapo na mguu huharibika haraka.

Kucha ni habari nyingine. Krimu za kawaida huziponya mara chache, na vidonge vya terbinafine humezwa kwa kiasi cha wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Kwa muda mrefu hivyo, ini linastahili kupimwa kwanza, na ukucha uthibitishwe maabara kuwa kweli una fangasi.

Dawa ya mchanganyiko

Sasa igeuze tyubu yako usome maandishi madogo. Tafuta mojawapo ya majina haya: betamethasone, clobetasol, dexamethasone, triamcinolone, mometasone, fluocinolone. Zote ni steroidi. Mara nyingi huwekwa kwenye tyubu moja na clotrimazole pamoja na antibayotiki kama gentamicin au neomycin, na huuzwa kama dawa inayotibu kila kitu cha ngozi. Kama kijitabu hiki kitakusaidia jambo moja tu, tungependa liwe kuiondoa tyubu hii kwenye matumizi ya nyumbani.

Kuwasha na kuvimba kwa choa kunaletwa na mwili unaopigana na fangasi. Steroidi huuzuia mwili usipigane. Ndani ya siku mbili kuwasha kumekwisha, ngozi imetulia, na mgonjwa anaisifu dawa kwa majirani. Ni sawa na kumfunga mdomo mbwa anayebweka huku mwizi yuko ndani. Fangasi inaendelea kula bila kusumbuliwa, na clotrimazole iliyomo kwa siku chache za kupaka haiwezi kuimaliza. Mgonjwa akiacha, mwasho unarudi kwa nguvu zaidi, naye anairudia tyubu, kwani ndiyo iliyomtuliza. Kwa namna hiyo miezi hupita.

Duara nalo hubadilika. Ukingo wake unafifia, mabaka yanaungana, vipele vinatokea katikati, na hata mhudumu wa afya anapolitazama anaweza asitambue kuwa ni choa. Wakati huo ngozi ya kinena na ya mapaja inakuwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika. Usoni hutokea mishipa, chunusi na weupe usio wa kawaida. Wapo wanaoufurahia weupe huo, na clobetasol hii hii ndiyo inayowekwa kwenye baadhi ya mikorogo. Ikipakwa mara kwa mara karibu na macho inaweza kuongeza shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Kwa watoto wachanga hali ni mbaya zaidi. Ngozi yao ni nyembamba, na nepi huifunika dawa ikapenya kwa wingi hadi kwenye damu. Humo inaweza kuzuia tezi za juu ya figo zisitengeneze homoni ambazo mwili unazihitaji, na kudumaza ukuaji. Upele wa nepi usipakwe dawa ya mchanganyiko kwa ushauri wa jirani, wala wa bibi, hata kama wote wawili wanakutakia mema.

Tunalisisitiza hili kwa sababu tumeona lilikofikia kwingine. Nchini India imeenea fangasi iitwayo Trichophyton indotineae, inayoleta choa kinachokaa miezi na kuambukiza familia nzima, na mara nyingi terbinafine haiiui. Madaktari wa ngozi wa huko wamekuwa wakihusisha kuenea kwake na krimu za mchanganyiko zilizouzwa kiholela. Sasa imeonekana pia Ulaya na Amerika Kaskazini. Dawa za fangasi duniani ni chache: seli ya fangasi inafanana sana na ya binadamu, na ni vigumu kupata kitu kinachoiua moja na kuiacha nyingine salama. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele, na usugu wa dawa ulikuwa mojawapo ya sababu.

Steroidi zina kazi yake. Mwenye pumu ya ngozi huandikiwa na hupona nazo. Na ikiwa umeshapaka tyubu yenye steroidi kwa miezi mingi, usiikatishe ghafla peke yako. Nenda nayo kituo cha afya wakuelekeze namna ya kuiacha.

Baka lisilowasha

Baka jeupe au jekundu lisilowasha, lililokufa ganzi, lisilotoa jasho, usilipake dawa ya fangasi. Mwombe mtu aliguse kwa usufi ukiwa umefumba macho. Kama husikii, nenda zahanati siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda ni ukoma. Ukoma unapona, dawa zake ni bure, na mtu akiwahi hapati ulemavu. Kuna watu waliopoteza mwaka mzima wakipaka krimu ya choa juu ya baka la ukoma.

Ukeni na mdomoni

Fangasi ya ukeni huwasha sana, huleta uchafu mzito mweupe wa mabongebonge, na kwa kawaida haina harufu kali. Uchafu wenye harufu mbaya, wa kijani au kijivu, au maumivu ya tumbo la chini, huelekeza kwenye magonjwa mengine ambayo dawa ya fangasi haitibu. Kwa hiyo kama hujawahi kupimwa, pimwa kwanza.

Matibabu ya kawaida ni vidonge vya clotrimazole vya kuweka ukeni usiku wakati wa kulala, au kidonge kimoja cha kumeza cha fluconazole cha miligramu 150. Mjamzito asimeze fluconazole bila daktari kuamua. Kwake hutumika clotrimazole ya kuweka, kwa kawaida siku 7, akiiingiza taratibu kwa kidole safi. Krimu na vidonge vya kuweka vinaweza kudhoofisha mpira wa kondomu, kwa hiyo msiitegemee siku hizo. Usijioshe kwa ndani kwa sabuni, ndimu, siki wala dawa ya kusafishia. Uke hujisafisha wenyewe, na kuuosha ndani huondoa bakteria walinzi. Fangasi ikikurudia mara nne au zaidi kwa mwaka, omba kupimwa sukari na virusi vya UKIMWI badala ya kununua kidonge kingine.

Utando mweupe mdomoni kwa mtoto anayenyonya, usiofutika kama mabaki ya maziwa, hutibiwa kwa matone ya nystatin. Mpe baada ya kunyonya ili dawa ikae mdomoni, na uendelee siku mbili baada ya utando kuisha. Kama chuchu za mama zina maumivu au zimepasuka, atibiwe naye siku hizo hizo. Jeli ya miconazole ya mdomoni asipewe mtoto wa chini ya miezi minne, kwani inaweza kumkaba kooni. Mtu mzima akipata utando huo, hasa chakula kikimuuma anapomeza, apime VVU bila kuchelewa. Ikiwa mwenye VVU ana kichwa kinachouma siku nyingi bila kutulia, homa, kutapika au shingo kukakamaa, apelekwe hospitali mara moja. Huenda ni homa ya uti wa mgongo ya fangasi, na hiyo haingoji.

Vidonge vya kumeza huzungumza na dawa nyingine

Fluconazole huzuia ini lisivunjevunje dawa kadhaa, zikajaa mwilini. Anayetumia glibenclamide ya kisukari anaweza kushuka sukari hadi kuzimia. Anayetumia warfarin anaweza kuvuja damu. Mwenye kifafa anayemeza phenytoin anaweza kulewa dawa. Kwa upande wa pili, rifampicin ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya fluconazole. Mtumiaji wa ARV amtaarifu mhudumu wa kliniki ya VVU (CTC) kabla ya kumeza dawa yoyote ya fangasi, na yeyote aliye kwenye dawa ya mseto ya malaria au kwinini aseme.

Griseofulvin haitolewi kwa mjamzito. Inaweza pia kuupunguzia nguvu uzazi wa mpango wa vidonge, kwa hiyo ongeza kondomu, na kama una kijiti mwambie mhudumu. Mwanaume aliyeitumia asubiri miezi 6 baada ya kumaliza kabla ya kutafuta mtoto. Pombe iachwe. Dawa hii huifanya ngozi iungue kirahisi juani, jambo la kuzingatiwa sana na familia zenye mtu mwenye ualbino.

Ketoconazole ya kumeza tunashauri uikatae, isipokuwa daktari bingwa ameiandika na anafuatilia ini lako. Julai 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliichukulia hatua kwa sababu ya madhara yake makubwa kwa ini: Ulaya ilipendekeza isitumike tena kwa fangasi, na Marekani ikaibana matumizi yake. Shampuu na krimu ya ketoconazole haina tatizo hilo. Kwa kidonge chochote cha fangasi, macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai, au ukachoka na kukosa hamu ya kula, acha dawa uende hospitali. Kwa Tanzania, madhara ya dawa huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mhudumu wa duka la dawa au kituo anaweza kukujazia fomu.

Usipopona

Ukitumia dawa sahihi kwa wiki 4 bila nafuu, usipandishe ngazi mwenyewe kutoka krimu hadi vidonge. Nenda kituo cha afya. Beba tyubu na maboksi yote uliyotumia, hata yaliyoisha, pamoja na dawa zako nyingine za kila siku. Usione aibu kumwonyesha mhudumu dawa ya mchanganyiko au mkorogo. Bila kuiona hataweza kulielewa baka lako. Uliza kama wanacho kipimo cha kukwangua ngozi: mhudumu hukwangua magamba kidogo ukingoni mwa baka, hayaumi, na kuyatazama kwa darubini. Majibu yanaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Zahanati isipokuwa nacho, omba rufaa hadi hospitali yenye kliniki ya ngozi. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wahitimu wake wamesambaa katika hospitali nyingi za mikoa, kwa hiyo huenda mtaalamu yupo karibu nawe kuliko unavyodhani. Usipake kitu chochote kwenye baka asubuhi ya siku ya kwenda.